Duke Maranga na Wateja Arobaini na Watatu wa Rangwe

Nitasema mapema kwamba Duke Maranga simpendi. Anayetaka habari zake zilizotiwa sukari aende kwa mama yake, anayeuza sare za shule karibu na stendi ya Awendo, na ambaye hawezi kukupimia sketi bila kukutajia mara tatu kwamba mwanawe ni mtaalamu wa data. Mimi nitamweleza nilivyomwona, na nilimwona kwa karibu, maana meza yake iliwekwa mbele ya yangu.

Naitwa Priscah. Ni Mkuria niliyeolewa Awendo, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikipokea simu katika ofisi ya Heshima. Heshima hukodisha mahema, viti na vipaza sauti. Bango letu linasema ni kwa sherehe zote, lakini tusidanganyane, tunaishi kwa mazishi. Tuna mahema manane, lori dogo moja aina ya kanta, na dereva mmoja asiyesema sana, Chrispine. Mwenye mali ni Phelesia, ambaye sote tunamwita Mama Beverly. Ni mwanamke shupavu. Hema likikunjwa likiwa bichi, yeye ataligundua kwa harufu kabla gari halijaingia getini. Ila mtu akimwongelesha Kiingereza cha haraka haraka, akili yote humtoka, na Duke aliingilia hapo.

Duke alizaliwa hapa hapa Awendo. Alichomoa miwa kwenye matrela akala kama watoto wengine, akasoma hapa, akafeli hapa. Kisha akaenda Nairobi miaka miwili, akarudi na ndevu za kuchongwa, laptopu mgongoni, na ugonjwa wa kusahau. Alikuwa amesahau Dholuo. Mzee akimsimamisha barabarani kumuuliza hali, yeye hutabasamu tu, kisha hunigeukia mimi, Mkuria, nimtafsirie lugha ya nyanya yake. Siku moja aliniuliza, "Kwani watu huku bado hukaa matanga wiki nzima?" Kijana aliyelishwa wali wa matanga mpaka akaota meno! Nilimwangalia, nikarudi kwenye simu yangu.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa amewashughulikia wengine. Mwenye duka la dawa za mifugo alimfungulia moyo, Duke akamfungulia ukurasa kwenye mtandao na kuujaza picha za ng'ombe wa Ulaya, weupe, wanene, wamesimama kwenye nyasi zisizoonekana huku. Kwa mwezi mzima watu walikuja dukani kuulizia bei ya ng'ombe. Hakuna aliyenunua hata chupa ya dawa. Duke aliita mambo hayo mafanikio, kwa sababu watu walikuja.

Kwetu alianza kwa kutengeneza tovuti. Tovuti yenyewe, nikisema ukweli, ilipendeza. Kulikuwa na picha za mahema yetu, na chini yake fomu ya kuagiza. Shida ilikuwa kwenye fomu. Iliuliza mambo manne: jina na nambari yako ya simu, mahali, siku, na idadi ya mahema.

"Umeacha swali moja," nilimwambia. "Hujauliza nani amefariki."

Akacheka. "Priscah, hiyo ni negative. Mtu ako kwa grief unamuuliza nani amekufa? Ata-bounce."

"Atafanya nini?"

"Ataenda zake. Fomu fupi ndio ina-convert."

Nilijaribu kumweleza. Katika miaka kumi na mmoja sijawahi kumuuliza mtu jina lake kabla ya kumuuliza, "Ni kwa nani?" Anayepiga leo ni mkwe, kesho atapiga binamu, keshokutwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na wote wanazungumzia boma moja. Wanaopiga hubadilika. Aliyefariki ndiye habadiliki. Jambo hili mtoto wa darasa la nne hapa Awendo analijua. Duke naye alilijua, ila alikuwa amejilazimisha kulisahau ili afanane na watu wa kwenye video zake.

"Priscah, wacha kijana afanye kazi," Mama Beverly akasema. Nikafungua daftari langu la maagizo ya simu.

Baada ya fomu ikaja ile hesabu aliyokuwa akiiota. Alituita mbele ya laptopu yake na kutueleza kwamba Heshima itaanza kujua, kwa macho, kila mteja anayeletwa na tovuti. Mtu akiona tangazo letu kwenye simu yake, akalibofya, akajaza fomu na kuituma, atafunguliwa ukurasa wenye neno ASANTE kwa herufi kubwa. Ndani ya ukurasa huo Duke alikuwa ameficha mistari kadhaa ya maandishi ya kompyuta. Kila ukurasa ukifunguka, mistari hiyo inapeleka habari, na kwenye skrini ya Duke anaongezeka mteja mmoja.

"Hiyo ndiyo inaitwa conversion," alisema huku akijipiga kifua. "Hakuna kubahatisha tena."

Akaijaribu pale pale. Aliandika jina Test, mahali Nairobi, mahema matano, akatuma. ASANTE ikafunguka, na kwenye skrini sifuri ikawa moja. Mama Beverly alipiga makofi. Kisha akavaa miwani, akasogea karibu, na kuuliza, "Na huyu Test anazikwa lini?"

Chrispine alitoka nje kucheka. Mimi nilicheka nikiwa nimekaa.

"Na wanaopiga simu?" nikauliza. "Wao wanahesabiwa wapi?"

"Hizo ni offline. Haziko kwa system."

"Kwa hivyo hawapo?"

"Wako, lakini hawana data," alisema, na kuanzia siku hiyo daftari langu likawa kitu cha kuchekesha. Duke alichapisha karatasi ikabandikwa ukutani: magari yatatumwa kulingana na takwimu. Gari lenyewe ni moja, lakini aliandika magari.

Jumatatu moja asubuhi simu ililia. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, Kiswahili chake kikipumzika kila baada ya maneno mawili.

"Mama, ni min Cephas, mama yake Cephas. Niko Karungu. Mzee wangu ametuacha."

Nikampa pole. Nikamuuliza jina la mzee, nikaliandika. Alikuwa mvuvi, mazishi ni Ijumaa, mwili unatoka mochari Alhamisi jioni.

"Nataka hema mbili tu," akasema. "Moja yake yeye, moja ya wageni. Jua ya huku unaijua. Sitaki mzee alale kwa jua kama samaki."

"Utapata, mama. Alhamisi kabla ya mwili kufika."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Ero kamano, asante. Sasa hiyo mzigo nimeweka chini. Naweza kulia."

Akakata simu. Nilipiga mstari chini ya jina la mzee mara mbili, kwa kalamu nyekundu, maana yale maneno yake ya mwisho yalinigusa.

Jumanne skrini ya Duke ikaanza kuruka. Kufikia saa sita kulikuwa na wateja kumi na tisa. Jioni walikuwa thelathini na mmoja. Jumatano asubuhi walifika arobaini na watatu, wote wa Ijumaa, na wote mahali pamoja: Rangwe. Duke alinunua keki. Alichora mchoro wenye mstari uliopanda mpaka ukatoka nje ya karatasi, akatangaza kwamba Rangwe ni soko jipya, kwamba washindani wamelala, kwamba Heshima inafaa kufungua tawi huko. Mama Beverly aliinua mikono juu akamshukuru Mungu. Watu arobaini na watatu wamekufa Rangwe kwa wiki moja, na katika ofisi ile hakuna aliyeuliza kumetokea ugonjwa gani!

Mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Jumanne mchana nilichukua orodha, nikachagua nambari moja, nikapiga. Alishika mwanamke aitwaye Irine, yuko Nakuru.

"Ni kwa nani?" nikamuuliza.

"Ni uncle yetu. Mwalimu mstaafu wa Rangwe."

"Na hawa wengine kwenye orodha?"

"Si ni sisi? Link ilitumwa kwa group ya mazishi. Kila mtu anajaza, akiona ile page ya Asante anapiga picha anarusha kwa group, watu wajue amefanya kitu. Hata mimi nimerusha. Brother yangu wa Qatar amejaza mara mbili, picha ya kwanza haikutokea vizuri."

Nilimuomba nambari ya mwenyekiti wa kamati, nikampigia. Alikuwa mzee mwenye utaratibu. Walihitaji mahema matatu. Basi. Boma moja, marehemu mmoja, mahema matatu, na ukoo mzima uliotawanyika kutoka Eldoret mpaka Uarabuni ukishindana kuonyesha nani amemlilia mjomba zaidi.

Kama Duke angeuliza swali lile la tano, angeona jina moja limeandikwa mara arobaini na tatu, na hata yeye angeshtuka.

Sasa nieleze nilichofanya na ujuzi huo. Sikufanya kitu. Niliukunja, nikauweka moyoni, nikaufurahia. Tangu mchana huo nilimpikia Duke chai, na keki ilipokuja nikamtazama akiila. Nikimwambia ofisini, nilijiambia, atakohoa, atasema alikuwa anajua, atageuza maneno, na Mama Beverly atamsamehe. Nilitaka aaibike mbele ya watu. Nilitaka kanta lifike Rangwe na mahema yote manane, lizunguke likitafuta maboma arobaini na matatu yenye misiba, na wanakijiji watoke kumshangaa. Niliona uso wake kabla haujatokea. Nilicheka peke yangu jikoni kwangu mpaka mume wangu akaniuliza kama ni mzima.

Karungu sikuisahau. Msinifikirie hivyo. Nilipiga hesabu kwamba kanta litaondoka Alhamisi asubuhi, saa nne litakuwa Rangwe, saa tano ukweli utakuwa umejulikana, mahema matano yatapakiwa tena, na jioni mawili yatakuwa yamesimama kwa min Cephas. Hesabu ilinipendeza. Hata Duke hakuufurahia hivyo mchoro wake.

Kwenye mkutano wa Jumatano Mama Beverly alinigeukia. "Priscah, kwa daftari yako kuna nini Ijumaa?"

"Karungu. Mahema mawili."

"Simu moja," Duke akasema, "against forty-three. Let the data decide."

Mama Beverly aliuma mdomo. "Karungu tutawapelekea yatakayobaki. Priscah, unasemaje?"

Aliniuliza mimi, kwa jina. Nilifungua kinywa. Duke alikuwa anapangusa krimu ya keki kwenye ndevu zake, akitabasamu, na tabasamu lile lilinichoma.

"Sina neno," nikasema.

Alhamisi waliondoka wote watatu, Chrispine usukani, Mama Beverly dirishani amevaa kitambaa kipya kwa ajili ya soko jipya, Duke katikati na laptopu yake mapajani. Saa tano kasoro Chrispine akanipigia.

"Priscah. Tumefika. Boma ni moja tu."

Nilicheka, na nilicheka kwa sauti. "Hebu niambie uso wake ukoje."

"Uso wa nani?"

"Duke!"

"Ako sawa. Anapanga hema."

Kicheko kikanikauka. "Anapanga ngapi?"

"Zote nane. Ameambia kamati kwamba ukoo wameomba mahema mengi kwa mtandao, na Heshima imewaheshimu. Wazee wamefurahi. Mama Beverly amepewa kiti mbele."

"Chrispine, pakia matano. Pakia sasa hivi uende Karungu."

"Nani amesema?"

"Mimi!"

"Wewe si boss, dada yangu."

Nikampigia Duke. Nyuma yake nilisikia nyundo na nyimbo. Nilimwambia yote, maneno yakigongana: ukoo mmoja, picha za Asante, kaka wa Qatar, mahema matatu, mjane wa Karungu. Nilitegemea hata kigugumizi. Akasema, "Priscah, tuko kwa event. Numbers zimesema. Usiniharibie," akakata. Alikuwa ameshajua, bila shaka. Alikuwa amejua tangu gari liliposimama mbele ya lile boma moja, na kwa nusu saa tu alikuwa amekwisha kuigeuza aibu yake kuwa ukarimu. Hilo sikuwa nimelihesabu. Nilimdharau sana hivi kwamba sikumdhania hata akili ya kujificha.

Mama Beverly alishika simu yangu saa tisa na nusu, nikamweleza yote. "Mwili umefika," alininong'oneza. "Umeshalazwa chini ya hema. Nitafungua hema gani sasa, Priscah, watu waseme nimemwezulia mwalimu paa? Kwa nini hukuniambia jana?"

Nilizunguka Awendo nzima jioni ile nikitafuta mahema ya kuazima, lakini wiki ya mwisho wa mwezi hakuna hema linalolala stoo. Niliwapigia watu wa Migori, nikawapigia wa Rongo. Min Cephas alinipigia mara mbili, na mara zote mbili niliiangalia simu mpaka ikanyamaza.

Na Duke? Yuko. Ijumaa ya mazishi waombolezaji wa Rangwe nao walijaza fomu kwa shauku, wakipiga picha za ASANTE chini ya mahema manane, na hesabu ikafika hamsini na nane. Aliituma kwenye kundi la ofisi na emoji ya roketi. Sasa ana ofisi yenye mlango, na kadi zinazosema Mkuu wa Data. Bado haulizi nani amefariki.

Ijumaa asubuhi nilipanda pikipiki mpaka Karungu. Niliona watu kutoka mbali, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuwaficha. Wanawake walikuwa wamejifunika leso kichwani. Majirani walisimamisha miti minne na kutandaza juu yake nyavu za kuanikia omena, dagaa wa ziwani, na chini ya nyavu hizo ndipo lilipokuwa jeneza. Jua lilipita kwenye matundu na kuenea juu ya ubao wote. Nzi walikuwa wengi, maana nyavu zilikuwa na harufu ya dagaa. Mchungaji alihubiri huku akijipangusa shingo, na hakuna aliyemwambia afupishe.

Min Cephas alikaa chini karibu na kichwa cha mumewe, akipunga tawi. Nilipiga magoti, nikamwambia mimi ni Priscah wa Heshima.

Alinishika mkono. "Kumbe ni wewe. Gari iliharibika?"

"Iliharibika, mama."

"Wuololo. Pole. Na umekuja mbali hivi kuniambia." Akasogea, akanipa nusu ya mkeka wake. "Kaa. Nilidhani mimi ndio nilikosea. Cephas aliniambia siku hizi simu haitoshi, lazima mtu ajaze kwa intaneti. Nikasema huyo mama aliongea na mimi vizuri, hawezi kuniacha."

Msichana mmoja akaniletea soda. Niliishika. Tawi la min Cephas lilipita juu ya jeneza, likapita juu ya mguu wangu pia, akinifukuzia nzi. Nilishindwa kuinywa ile soda.

"Mama," nikasema, "gari halikuharibika."

Nikamwambia. Nilimwambia polepole ili aelewe, habari ya kijana na hesabu yake, na boma moja la Rangwe lililoonekana maboma arobaini na matatu. Nilimwambia kwamba nilijua tangu Jumanne, na kwamba Jumatano niliulizwa mbele ya watu, nikasema sina neno.

Tawi lilisimama. "Kwa nini?"

"Nilitaka yule kijana aaibike."

Min Cephas alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na ningeipokea hasira kwa shukrani. Aliitwaa soda mkononi mwangu, akaiweka chini, kisha akavuta mkeka wake kwa upande niliokuwa nimekaa mpaka nikabaki kwenye mchanga.

"Nenda Rangwe, mama," akasema. "Huko kuna kivuli."

Akarudi kumpungia mumewe. Niliinuka, watu wakanipisha, nikatembea mpaka mahali nilipoacha pikipiki.